Mbea wa Dirishani

Saa tatu asubuhi, mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege, Mama Laini aligeuka kuwa kiti. Hakuna aliyemroga. Ni karani tu wa kaunta aliyeiona fimbo yake nyeupe, akapaza sauti kwa mwenzake, "Nina kiti kimoja hapa, ndege ya saa nne." Kiti cha magurudumu kikaletwa, kikamgonga nyuma ya magoti, akajikuta amekaa bila kupenda.

"Miguu yangu mizima," alisema. "Kilichoharibika ni macho."

"Ndio utaratibu, mama."

"Utaratibu wa nani? Nimetembea toka getini mpaka hapa, hukuniona?"

Karani alisema na mtu mwingine aliyesimama nyuma ya Mama Laini: "Naona uko naye, mzee. Shika wewe kadi yake ya kupandia, asije akaipoteza."

Kadi ikapita juu ya kichwa cha Mama Laini. Alisikia ilivyochukuliwa. Hakusikia asante.

"Umempa nani kadi yangu?"

"Ndugu yako."

"Sina ndugu hapa."

"Anayefuata," alisema karani.

Mama Laini alivuta pumzi na harufu ya pipi ya mnanaa ikamwingia puani. Halafu akasikia kiatu kikiondoka, cha kushoto, kikilia nyi, nyi, nyi kwenye sakafu. Kiatu hicho kilikuwa kimepita mbele ya mlango wake kila asubuhi kwa miaka tisa.

"Katibu," aliita. "Ni wewe?"

Kiatu kikaongeza mwendo.

Hapa lazima mambo yaelezwe, maana bila hivyo mtu atashangaa kwa nini mwanamume mzima na suti yake aogope kusema "ndiyo, ni mimi". Mama Laini alikuwa opereta wa simu wa hospitali, mwaka wa ishirini na tatu huo. Laini ni ya simu, si ya tabia. Tabia yake ilikuwa msasa. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi: meza moja, ubao wa vitufe, na kiti kilichobonyea kwa umbo lake. Alimjua kila mtu wa hospitali ile kwa sauti, na wengi wao aliwajua kwa sauti mbili, ya kweli na ya uongo.

Sasa, opereta anayejua kazi akishaunganisha simu hajitoi papo hapo. Anasubiri asikie neno la kwanza, ahakikishe laini imeshika, ndipo aachie. Ni sekunde tatu au nne. Miezi miwili nyuma, katika sekunde hizo, alimsikia Katibu wa hospitali akimwambia dereva wa gari la wagonjwa, "Pitia kwangu kwanza unibebee viti vya shughuli. Mgonjwa hakimbii."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa fundi mwashi aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili. Kweli hakukimbia. Alikufa palepale juu ya mchanga wa ujenzi, akilisubiri gari lililokuwa limejaa viti.

Dereva alikuwa mtoto wa kaka yake Mama Laini. Baba yake alipofariki, shangazi ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamlipia na leseni. Kumbe Katibu alikuwa ameshaandika barua: dereva alitumia gari kwa mambo yake binafsi, na yeye Katibu siku hiyo hakumpigia mtu simu. Uongo mkavu. "Hakimbii" ilikuwa kauli yake ya kila siku. Mshahara haukimbii, dawa hazikimbii, likizo haikimbii. Hospitali nzima iliijua, kuanzia madaktari mpaka wapishi. Lakini walipoitwa kutoa maelezo, wote waliota upofu ghafla. Aliyejitokeza ni kipofu mmoja tu, yule wa siku zote.

Kikao kilikuwa siku hiyo, saa nane mchana, makao makuu. Barua ya wito ilisema waziwazi: shahidi afike mwenyewe, asipofika maelezo yake hayatasomwa. Yasiposomwa, Dereva anafukuzwa kazi na jalada linakwenda polisi, na mtu amekufa. Tiketi ilikuwa moja, ya shahidi. Dereva alikuwa ametangulia kwa basi tangu juzi. Katibu naye alikuwa na safari hiyohiyo, maana ndege ilikuwa hiyo moja kwa siku.

Basi msukuma kiti akamsukuma Mama Laini kupitia mlango wa pembeni, mbio, bila kuuliza. Nyuma yao, kwenye ukumbi wa abiria, kipaza sauti kilianza kusema jambo kuhusu ndege ya saa nne, kwamba leo itapitia...

"Wanasema itapitia wapi?" aliuliza.

"Wewe usijali, mama. Ninyi mnapanda kwanza."

Mlango ukajifunga na neno likabaki ndani.

Kwenye ndege ugomvi ulianza kabla ya mkanda kufungwa. Abiria wa kiti cha jirani alifika na gazeti lake, akasimama, akacheka kwa pua.

"Mama, tubadilishane. Wewe dirisha la nini?"

"Nina shughuli nalo."

"Shughuli gani, na huoni?"

"Ningekuwa na haja ya kukueleza, ningekuwa nimekwisha kukueleza."

Bwana Gazeti akakaa kwa kishindo, akalifunua gazeti lake hadi likamkwaruza Mama Laini shavu. Hakuomba radhi. Mama Laini naye alilisukuma kwa kiwiko, na kiwiko kile hakikuwa na adabu hata kidogo.

Shughuli yake ilikuwa mfukoni mwa gauni: kipokezi cha jipiesi, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye waya wa kusikilizia sikioni. Dereva alimpa mwaka uliopita ajue yuko mtaa gani akiwa peke yake. Kilinasa mawimbi ya setilaiti, kikamwambia kwa sauti alipo, mwendo wake, na umbali uliobaki. Kilitamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, lakini kilisema kila kitu, hakikuficha la mtu, na ndiyo maana Mama Laini alikiita Mbea. Kilikuwa na sharti moja tu, kionyeshwe anga. Kwa hiyo kwenye safari ile mwenye macho alikuwa Mbea, na mwenye macho ndiye anayekaa dirishani.

Ndege ilipokwisha kupaa na kutulia, akakiwasha na kukisimamisha kwenye kioo. Mhudumu wa ndege alifika kabla Mbea hajafungua mdomo.

"Hicho ni nini? Kizime."

"Kinapokea tu, mwanangu, hakitumi kitu. Ni kama redio. Wakati wa kupaa nilikizima."

"Nimesema kizime."

"Rubani umemuuliza?"

Mhudumu aliondoka na visigino vyake vikigonga. Aliporudi sauti yake ilikuwa imekauka zaidi. "Amesema sawa. Lakini nikisema zima, ni mara moja, sitaki mjadala."

"Mjadala umeuanza wewe."

Kwa nusu saa Mama Laini alikuwa na raha, raha ya peke yake iliyozungukwa na chuki pande zote. Mbea alimwambia mwendo ni kilomita mia nne na kumi kwa saa. Akamwambia wanauacha mji wa viwanda mkono wa kulia. Dereva alikuwa amekaa jioni tatu nzima akiingiza alama za njiani, kila mto na kila daraja, ili shangazi yake asafiri kama watu.

"Sasa tunavuka mto," Mama Laini alisema, kwa uchokozi tu.

Bwana Gazeti alijinyoosha akachungulia kioo. Mto ulikuwapo. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Halafu mhudumu akapita. "Tunashuka. Zima."

"Mbona mapema?"

"Mama, zima."

Alikizima, lakini neno la mwisho la Mbea lilikuwa limekwisha kumfikia: bado kilomita mia mbili na sitini. Mama Laini alipiga hesabu. Kwa mwendo ule, huo ni zaidi ya nusu saa. Magurudumu yaligusa ardhi baada ya dakika kumi na moja, alizozihesabu kwa kidole juu ya saa yake ya kupapasa. Ndipo alipolikumbuka lile neno lililobaki nyuma ya mlango. Itapitia.

Mlango wa ndege ulifunguliwa, joto likaingia, watu wachache wakaanza kushusha mizigo. Mhudumu alikuja moja kwa moja kwake.

"Haya mama, umefika. Kiti chako kiko mlangoni."

"Nimefika wapi?"

"Unakokwenda."

"Umefika, mama," alisema Bwana Gazeti, na ghafla sauti yake ilikuwa na wema mwingi. Mkono wake ulikuwa tayari umeushika mkoba wa Mama Laini. Alilitaka dirisha lile kuliko haki ya mtu.

"Weka mkoba wangu chini. Mimi nakwenda makao makuu. Hapa sipo."

"Ndugu yako wa kule mbele ameshatuambia unashuka hapa," alisema mhudumu. "Kadi yako anayo yeye. Na akasema wakati mwingine unachanganyikiwa, tuwe na subira na wewe. Subira yangu ndiyo hii, inaisha."

"Alikuambia kwa sauti, au kwa kunong'ona?"

"Mama, simama."

"Nauliza, alinong'ona?"

"Alinong'ona, ndiyo, mgonjwa wa koo. Kwani wewe hayo yanakuhusu nini?"

Yalimhusu sana. Mtu hanong'oni bure mbele ya opereta wa simu. Aliona sasa mchoro wote ulivyochorwa: ashushwe hapa, ndege inayofuata ni kesho, kwa basi ni mwendo wa saa sita barabarani, na saa nane mchana mwenyekiti anauliza "shahidi yuko wapi" na Katibu anainamisha kichwa kwa huzuni.

"Sishuki," alisema. "Nakwenda makao makuu. Mara ya tatu hiyo nasema."

Wasukuma kiti wawili waliingia. Mkono usio wake ukafungua mkanda wake, mwingine ukamshika chini ya kwapa. Nyuma watu walianza kunung'unika. Jamani tunachelewa. Wangemwacha nyumbani. Watu kama hawa wasafiri na mtu wao. Mama Laini akaukumbatia mguu wa kiti cha mbele kwa mguu wake, akashika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamwasha Mbea.

"Inatafuta setilaiti," alisema Mbea sikioni.

"Mwinueni," alisema mhudumu.

"Inatafuta setilaiti."

"Atakayenivuta tena nitamng'ata," alisema Mama Laini, na alikuwa na meno yote. "Nakwenda makao makuu. Mara ya nne."

Wale wawili wakasita. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na viti vingine vya kusukuma. Mama Laini alikibandika kidude kwenye kioo kwa nguvu. Ilikuwa ni yeye na vitu vinavyozunguka huko juu ambavyo hakuna mtu katika ndege ile aliyewahi kuviona, kwa hiyo kwa hilo walikuwa sawasawa. Kisha kikatoa mlio. Akauchomoa waya wa sikioni, sauti ikamwagika ndege nzima.

"Bado kilomita mia mbili na kumi na nne. Mwelekeo, kaskazini," alisema Mbea na kiazi chake mdomoni.

Halafu, kwa kuwa kila alama ilikuwa na jina lililorekodiwa na aliyeiweka, ikaja sauti ya kijana, ya mtu anayezungumza karibu mno na mashine. "Ni kwenye kikao cha kesi yangu, shangazi. Saa nane. Usinikose."

Mikono ikamwachia.

"Kumbe bado ana safari," alisema mtu wa nyuma.

"Si mashine imesema? Mwacheni akae," alisema mwingine, kwa sauti ya mtu mwenye huruma za kuzaliwa nazo.

Mama Laini aligeuza uso kuwaelekea wote. "Mimi nimesema mara nne," alisema. "Kikopo kimesema mara moja. Mmekiamini kikopo."

Mhudumu alikwenda mbele. Akarudi na kadi, akaisoma akiwa amesimama, na karatasi ikalia kidogo vidoleni mwake. "Ni kweli, anaendelea," aliwaambia wasukuma kiti. Kadi akaiweka mapajani mwa Mama Laini. Samahani hakuiweka.

Kule mbele, safu ya kwanza, karatasi ya pipi ilimenywa polepole.

"Katibu," alisema Mama Laini, bila kupaza sauti, maana miaka ishirini na mitatu ya simu inamfundisha mtu sauti ya kufika mbali. "Njia ya mwongo ni fupi. Yako imekatika kilomita mia mbili na kumi na nne kabla ya kikao."

Bwana Gazeti alihamia kiti cha nyuma, na mpaka wanatua hakuna aliyekaa karibu na Mama Laini. Ilimfaa, mkoba ulipata nafasi.

Chumba cha kikao kilikuwa na feni iliyogonga kitu kila ilipozunguka, na mabenchi ya mbao yaliyojaa baridi. Mama Laini aliketi pamoja na Dereva. Kijana alikuwa amemshika mkono tangu getini, na mguu wake ulikuwa ukitikisika na kulitikisa benchi lote. Upande wa pili, mnanaa. Benchi la nyuma kulikuwa na mwanamke aliyepumua kwa shida, na Dereva akamnong'oneza shangazi yake kwamba yule ni mjane wa mwashi.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti kavu isiyopenda kurudia. Maelezo ya shahidi yalisomwa kwanza. Ya Katibu nayo yalisomwa na karani wa kikao, kwa kuwa Katibu alikuwa ameandika kwenye karatasi kwamba koo linamuuma tangu asubuhi. Maelezo yake yalikuwa marefu na yenye Kiswahili safi. Yalimalizika kwa kusema kwamba mtu asiyeona hawezi kumtambua mtu.

"Shahidi," alisema mwenyekiti, "una la kuongeza?"

"Lipo. Koo hilohilo asubuhi hii lilimnong'oneza mhudumu wa ndege kwamba mimi nishushwe njiani. Na kadi yangu alikuwa nayo yeye. Mhudumu yupo, abiria wapo, waulizwe."

Benchi likaacha kutikisika kidogo, kisha likaanza tena.

"Katibu," alisema mwenyekiti, "ni kweli?"

Feni iligonga. Kiatu cha kushoto kililia chini ya meza.

"Ametikisa kichwa," alisema karani. "Anakataa."

"Mwenyekiti," alisema Mama Laini, "mimi vichwa sivioni. Naomba anijibu kwa mdomo."

Mtu fulani alitaka kucheka akajizuia. Mwenyekiti hakucheka. "Ni haki yake," alisema. "Jibu kwa mdomo, Katibu. Taratibu, kama koo linauma. Neno moja linatosha."

Katibu alikuwa na miaka tisa bila kuamriwa na mtu. Yeye ndiye aliyeamuru. Wengine walisubiri nje ya mlango wake na faili zao kifuani. Na asubuhi ile alikuwa ameaibishwa na kikopo mbele ya ndege nzima, na sasa opereta wa chini ya ngazi alikuwa anadai mdomo wake kama anayedai chenji. Alisikika akiitafuna pipi, kra, akaimeza.

"Haya yote ya nini?" alisema, na sauti ilikuwa nzima kabisa, haina kidonda wala mkwaruzo. "Nimeeleza kwamba nitajibu kwa maandishi wiki ijayo. Watu wana kazi za kufanya. Kwani haraka ya nini? Kesi haikimbii."

Kalamu ya karani ilisimama. Feni ikagonga, ikagonga tena. Mama Laini alikuwa amefunga mdomo kama anavyofanya laini ikishashika. Alisikia karatasi zikifunuliwa, moja, mbili, tatu.

"Karani," alisema mwenyekiti, "nisomee tena maelezo ya shahidi. Mstari wa mwisho."

Karani akasoma, na neno la mwisho alilisoma polepole zaidi. "Mgonjwa hakimbii."

Mguu wa Dereva ukatulia. Katibu akaanza kusema jambo, akaliacha katikati. Kwenye benchi la nyuma mwanamke alisogea, na mbao ikalia. Sauti yake ilikuwa changa kuliko Mama Laini alivyotarajia.

"Ndivyo alivyosema?" aliuliza. "Siku ile?"

Hakuna aliyemjibu, si mwenyekiti wala karani. Mama Laini akageuka kwenye benchi mpaka uso wake ukaielekea sauti ile.

"Ndivyo alivyosema, mwanangu," alisema. "Hivyohivyo."